Namba ambayo haitasafiri

Leo mama yangu amemnyang'anya muuza simu mkasi.

Tulikuwa dukani kwake, mtaa wa Nyamianda. Wiki ijayo ninakwenda masomoni Ulaya, kama mpaka utakuwa wazi, na nilihitaji simu ya bei nafuu. Nikapata moja iliyotumika kidogo, kioo kizima. Tatizo ni kwamba kadi yangu ya SIM ni ya zamani, kubwa mno kwa simu hiyo.

"Si shida, dada, miye nakata," akasema muuzaji.

Kwetu kadi hukatwa kwa mkasi wa kawaida, kwa kukadiria.

Mama akauchukua ule mkasi, akautia kikapuni, juu ya sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni.

"Mama, sasa nitakata na nini?" akauliza muuzaji.

"Usikate. Ile namba haiendi Ulaya."

Muuzaji akanigeukia. "Mama iko muzima?"

Ni mzima. Tulipokimbia mapigano, tulipotezana na kaka yangu Bahati barabarani. Namba anayoijua kwa kichwa ni hiyo tu.

Nimesoma miaka yote hii, na hilo nililisahau kwa sababu ya kioo.

Nikanunua kadi mpya. Simu ya zamani na namba yake nikamwachia mama.

Nyumbani Songo nikaijaribu mpya kwa kumpigia. Alikuwa jikoni. Akapokea papo hapo.

"Bahati?"

"Hapana, mama. Ni mimi, niko sebuleni."

"Basi kata. Unafunga njia."

Nikakata.

Mwenye duka akisoma hapa, mkasi wake uko salama.

Nanyi wengine, niandikieni hapa hapa. Ile namba msiipigie tena.