Siku Mtu wa Komini Alipokuja kwa Mama Colette

Mume wake alipofariki, Mama Colette alitoka Yanonge na binti yake Chancelle, akaanza kuuza lituma, ndizi za kutwanga, kando ya barabara huko Kabondo. Lituma hiyo ilimfikisha Chancelle chuo kikuu, mwaka wa kwanza wa tiba. Mwaka wa pili haukuwezekana. Msichana akabaki nyumbani akitwanga na mama yake, madaftari ameyafunga ndani ya mfuko wa plastiki ili mvua isiyafikie.

Ndipo komini, ofisi ya serikali ya mtaa, ikatangaza bourse: itawalipia masomo wanafunzi wa familia zisizo na uwezo. Chancelle akajiandikisha, akaambiwa kuna mtu atakayekuja kuona wanavyoishi.

Mama Colette hakutaka mgeni akae juu ya bidoni, madumu ya maji waliyoyatumia kama viti. Akaazima viti vya sofa kwa jirani yake Viviane, akaazima na televisheni, kisha akachinja jogoo wao wa pekee. Chancelle alijaribu kumzuia. Mama akamjibu kwamba mgeni ni mgeni.

Mtu wa komini, papa Émile, alifika kwa toleka, akamlipa mwendesha baiskeli, akakaribishwa ndani. Alitazama viti, akatazama televisheni, akala kidogo. Kisha akasema kwa upole kwamba amefurahi kuona familia hii inajiweza, maana wengine wana shida kweli. Akainuka.

Chancelle akamwahi kabla hajafika mlangoni.

"Papa, hii viti iko ya mama Viviane. Televisheni pia. Sisi tunakalaka juu ya bidoni."

"Nilisikia aibu," mama akasema, kichwa chini. "Mugeni wa komini, nimukalishe wapi?"

Papa Émile akaomba aone chumba cha kulala. Akaona mkeka mmoja na bati lililotoboka. Aliporudi aliketi tena, akamaliza kuku wake, akamwambia Mama Colette kwamba hajapokewa hivyo tangu aanze kazi hii. Kuhusu bourse hakusema neno.

Wiki zikapita, mama akijilaumu kila aliposhika mchi. Alhamisi moja Chancelle akarudi mbio kutoka komini: jina lake limekubaliwa, masomo yamelipwa.

Mama Colette akaketi chini palepale, wateja wakimsubiri.

"Miye nilikuwa naogopa ile kuku itatupotezea bourse," akasema, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Mchana huo alilala usingizi mzito, jambo ambalo Viviane hakuwahi kumwona akilifanya.