Nani Ameleta Habari?

Mimi ni mdaku. Mama yangu alikuwa akilisema hilo mbele ya wageni bila kuona haya, na sijawahi kumkatalia. Kwa hiyo nilipopata kazi ya kusoma nani kaoa na nani kafa, nilijiona nimepata kazi niliyoumbiwa.

Mwenye kazi alikuwa mama mmoja Mmarekani, mstaafu, aliyefundisha chuo kikuu pale Durban, Afrika Kusini, miaka mingi. Aliishi mtaa wa Berea, katika nyumba ya zamani yenye veranda pana na paka watatu. Babu zake walikuwa wakulima wa sehemu fulani ya Amerika isiyo na mji wowote wa maana, na ndugu zake walimtumia nakala za gazeti dogo la huko la karne ya kumi na tisa, matangazo ya ndoa na ya vifo tu, boksi baada ya boksi. Mimi nilikuwa mwanafunzi kutoka Tanzania. Jumanne na Alhamisi mchana nilikaa mezani kwake nikiyachapa kwenye kompyuta, moja moja, ili yasipotee.

Sikutegemea kuyapenda, lakini nilinasa siku ya kwanza. Kulikuwa na mkulima aliyeuawa kwa teke la nyumbu wake wa kulimia; gazeti lilitaja rangi ya nyumbu na kusahau umri wa marehemu. Kulikuwa na maharusi waliofungishwa ndoa sebuleni kwa baba wa bibi harusi, na chini yake mhariri akaongeza mstari wa kushukuru kwa kipande cha keki alicholetewa ofisini. Keki! Nikaanza kufuatilia. Ndoa zilizosifiwa kwa mistari mingi karibu zote zilikuwa na keki mwishoni, na waliomsahau mhariri walipata mstari mmoja mkavu. Nilicheka hadi paka wakahama chumba. Kilichoniudhi ni wanawake. Wakiolewa wana majina yao, wakifa ni "mke wa Bwana Fulani", basi. Nilimwuliza yule mama, huyu alikuwa nani hasa? Alivua miwani akasema hata yeye hilo ndilo analolitafuta.

Nilipanga chumba cha nyuma Glenwood, kwenye nyumba ya dada mmoja Mkongo, mtu wa Bukavu. Nilimwita Yaya, kama wao wanavyomwita dada mkubwa, naye aliniita petite, yaani mdogo kwa Kifaransa, ingawa nilimzidi kimo. Alisuka nywele katika saluni moja kule Point. Jioni akipika sombe, kisamvu chao, mimi nilikaa jikoni nikimenya vitunguu na kumsimulia waliokufa na waliooana siku hiyo, naye alizisikiliza habari hizo kama vile ni za majirani zetu.

"Bale batu bako na maneno," alisema niliposimulia ya nyumbu. "Mutu amekufa, bo banaangalia rangi!"

Siku moja aliniuliza, huku mgongo kanigeuzia, "Na bajane? Bale bajane balikuwa banaolewa tena?"

Nikamwambia, wengi tu.

"Kisha siku ngapi?"

Hilo sikuwa nimelitazama, na swali jipya kwangu ni kama peremende. Alhamisi nzima nilioanisha vifo na ndoa. Mjane mmoja alingoja miezi saba, mwingine miaka minne, na kulikuwa na bibi mmoja aliyezika waume watatu na kuolewa na wa nne akiwa na wajukuu. Nilirudi na karatasi iliyoandikwa yote hayo. Yaya alizima jiko kabisa ili asikie vizuri. Nilifurahi sana kwamba kuna mtu anaipenda kazi yangu, na sikujiuliza hata mara moja kwa nini anauliza. Mdaku mzima!

Habari za mume wake nilizijua nusu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Vita vilipofika Bukavu alimvusha mkewe upande wa Burundi, akarudi kumchukua mama yake, na hakuonekana tena. Yaya alifika Durban peke yake. Kila Mkongo mpya aliyeingia saluni kusukwa au kunyolewa aliulizwa: ulipitia njia gani, ulilala wapi, hukumwona mwalimu mmoja mrefu mwenye kovu kwenye kidevu? Miaka karibu mitatu, na hakuna aliyemwona.

Nusu nyingine nilikuja kuambiwa baadaye. Kulikuwa na fundi viatu, mtu wa Uvira, aliyefiwa na mkewe na aliyefanya kazi kando ya barabara karibu na soko. Jumapili baada ya ibada alikuwa akija na mkate na kukaa kwenye ngazi za nyuma, akiongea kidogo sana. Nilimdhania rafiki wa familia. Kumbe alikuwa amesema neno lake, na Yaya alimpenda. Alinitamkia hivyo hivyo, "Ninamupenda, petite, na ninaona haya." Lakini mchungaji alikataa kutangaza ndoa. Katika kanisa lao majina husomwa Jumapili tatu mfululizo, na kila mara watu huulizwa kama kuna mwenye kizuizi. Angesomaje jina la mwanamke ambaye mume wake hajafanyiwa matanga? Kwanza matanga, alisema. Na matanga hayawi bila tangazo la kifo.

"Wewe kazi yako ni kuandika batu bamekufa," Yaya aliniambia. "Uniandikie ya bwana yangu."

Nikamwuliza habari zimefika lini.

"Andika tu."

Mara moja maishani mwangu niliona vibaya kudadisi, na ndiyo mara niliyopaswa kudadisi. Nikachukua daftari nikauliza mambo mengine. Jina la baba yake, kijiji, shule alizofundisha. Halafu nikapitiliza, kama kawaida yangu: alikuwa mtu wa namna gani? Yaya alisema alipiga pasi mwenyewe akipuliza mluzi, na mtu akisimulia kichekesho yeye alicheka wa mwisho, wenzake wakiwa wameshahamia maneno mengine. Alicheka aliposema hivyo. Sikuwahi kumsikia akimcheka mume wake kabla ya hapo.

Nililiandika tangazo kwenye kompyuta ya Berea, na nilijitahidi kuliko nilivyojitahidi kwa kazi yoyote ya chuo. Niliwaiga wakulima wangu. Mtu wao akifia mbali, vitani au kwenye mashamba mapya ya magharibi, mhariri alianza hivi: "Tumearifiwa kwamba". Hasemi na nani. Nililiona neno lenye heshima, lisilopiga kelele. Basi nikaanza: "Kwa huzuni kubwa tumearifiwa kwamba mwalimu wetu mpendwa ameiaga dunia akiwa njiani, katika kumtafuta mama yake mzazi." Yakafuata mengine, mistari kumi na minne. Yule mama Mmarekani alilichapisha kwenye karatasi nzito, lenye mpaka mweusi pande zote, kama yale ya gazetini.

Yaya aliniomba nimsomee. Kisha akaniomba nirudie mstari wa kwanza.

"Iko muzuri," alisema, akaikunja. "Iko sawa na ya bazungu."

Lilisomwa kanisani Jumapili; watu walitazamana, nami nikadhani wamelipenda. Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, uani kwetu kulijaa. Wanaume walileta viti, wanawake wakaja na masufuria na mikeka. Yule fundi viatu alifika getini amebeba mabenchi mawili ya kanisa, moja kila bega. Nilikuwa nikizunguka na thermosi za chai, nimefunga kitambaa kichwani, nikijiona mwenyeji hasa. Ilinichukua muda kugundua kwamba hakuna aliyekaa. Mikeka ilikuwa bado imekunjwa kwapani.

Mkuu wa akina mama wa kanisa, mama wa makamo mwenye sauti nzito, alisimama katikati na karatasi yangu mkononi.

"Tangazo iko muzuri sana," alisema. "Lakini nani ameleta habari?"

Hapo ndipo nilipojifunza, mbele ya watu hamsini. Kwao kifo hakijileti chenyewe. Kinaletwa na mtu aliyeliona kaburi, au aliyesikia kwa mdomo wa aliyeliona, na jina la mtu huyo husomwa kwanza kabisa, kabla hata ya jina la baba wa marehemu. Siku ya matanga huketishwa, hupewa maji, husimulia alichokiona, na baada ya hapo ndipo mikeka hutandikwa. Mimi nilikuwa nimeandika mistari kumi na minne ya maneno matamu, na huyo mtu hayumo.

"Hapa banasema 'tumearifiwa'. Na nani?"

Macho yote yakanigeukia.

"Nimeandika mimi, mama."

"Wewe ulimuona?"

"Hapana."

"Ulisikia kwa ule alimuona?"

"Hapana. Ndivyo... ndivyo wanavyoandika."

"Nani banaandika hivyo?"

Ningemwambia nini? Kwamba ni wakulima wa Kimarekani waliokufa zaidi ya miaka mia iliyopita? Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamtazama Yaya aniokoe, naye alikuwa ameinamisha uso, na hapo nikaelewa. Alijua. Alijua toka mwanzo kwamba lazima awepo mleta habari, na kwamba hana. Angemwomba Mkongo yeyote amwandikie, angeulizwa swali hilo kabla ya kalamu kushika karatasi. Alinichagua mimi kwa sababu sikujua. Nilikasirika, sitaficha. Niliona ametumia uzuri wa kazi yangu kama pazia, na sasa mimi ndiye ninayeumbuka.

Kisha akainua uso.

"Musimuulize petite. Hajui kitu," alisema. "Hakuna mutu alimuona. Muko hapa bote nimewauliza. Wewe, siku ulifika, nilikuuliza mbele ya kukupa chakula. Na wewe. Na wewe, nilikusuka bure juu unikumbukie njia ya Walikale. Kila mutu: hapana, hapana. Miaka tatu nangoja mutu aniambie, ao iko, ao alikufa. Hakuna mutu anakuja. Basi mimi njo naleta habari. Mimi ni bibi yake. Njo mimi."

Yule fundi viatu alikuwa bado na mabenchi mabegani. Hakuthubutu kuyatua, maana kuyatua kungekuwa kama kuamua. Nilimhesabia kila pumzi yule mama mkuu. Akisema hapana, Yaya angebaki vile alivyokuwa, si mke wala mjane, mpaka azeeke kwenye kile kiti cha saluni.

Yule mama aliikunja karatasi yangu polepole, akaitia kifuani. Akawageukia wenzake kwa ukali.

"Sasa mbona muleta habari amesimama? Ametoka mbali. Mumupe maji."

Nilikimbia jikoni mimi. Yaya aliketishwa kwenye kiti pekee chenye mto, akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa mpaka tone la mwisho. Akaambiwa asimulie. Hakusimulia kifo, maana hakukijua. Alisimulia mume wake alivyoondoka: shati la buluu, mfuko wa mihogo iliyokauka, na vile alivyogeuka mara moja kumwambia apake mafuta miguuni kwa sababu vumbi ni jingi. Alipofika hapo nikasikia mkeka wa kwanza ukitandikwa. Kilio kilichofuata kiliwatoa majirani wa mtaa mzima. Nililia nami, kwa ajili ya mtu niliyemjua kwa mistari kumi na minne tu, na hasira yangu sikuiona ilikokwenda.

Matanga yalikwisha, ikapita miezi, na mchungaji akakubali kusoma majina. Nilikwenda Jumapili zote tatu, na nilichagua kukaa nyuma ili nione kila kitu. Kila mara mchungaji alipouliza kama kuna mwenye kizuizi, Yaya peke yake aligeuza kichwa kuutazama mlango. Jumapili ya kwanza fundi viatu alitazama magoti yake. Ya pili vilevile. Ya tatu aligeuka pamoja naye, akautazama mlango na yeye, wakakaa hivyo wote wawili mpaka Yaya aliporudisha uso mbele.