Gongo la Baba na Barafu ya Sur

Barafu ina harufu. Anayekwambia haina, huyo kaiona kwenye gilasi tu, hajaishi nayo. Mimi nimekula kwa barafu, nimejenga nyumba kwa barafu, nimesomesha watoto kwa barafu, na mwenyewe shule niliiacha darasa la nne, basi katika jambo hili nisikilizeni. Inanuka gunia bichi na chuma kilicholowa, na ukivuta pumzi taratibu utapata nyuma yake kitu kama mvua ambayo bado haijanyesha.

Harufu hiyo ilinipokea mlangoni mwa uwanja wa barafu mwezi uliopita, nilipotoka Ibra kwenda Maskati kumtazama mjukuu wangu Shamsa. Yeye anacheza hoki ya barafu. Ndiyo, hapa hapa Oman, nje jua linakaanga yai juu ya boneti ya gari na ndani watoto wanateleza kama wako nchi za theluji. Yalikuwa mashindano ya kimataifa ya watoto, timu za Ghuba na nyengine za mbali huko, wasichana wenye mashavu mekundu kama tungule. Kabla ya mchezo Shamsa alikuja kwangu akichechemea.

"Babu, kiatu yangu imebana."

"Kiatu changu kimebana," nilimsahihisha.

"Hata yako imebana?" aliniuliza kwa huruma kabisa.

Nikamwacha aende zake. Pembeni yangu alikaa Saif, rafiki yangu wa umri wote, na kabla ya hapo adui yangu, kajifunika bishti, joho la wakubwa, na juu ya bishti kaweka blanketi la mtoto. Filimbi ikalia, magongo yakagonga barafu, na ile harufu ikapanda. Saif akanigeukia. Sote wawili tulikuwa tumesharudi kwenye sakafu ya samaki, sokoni Ibra, tuna umri wa kama miaka kumi.

Niwaelezeni. Sisi tulikuja kutoka Unguja wakati ambao wengi walikuwa wanarudi Oman, nchi ya mababu ambayo wengine wetu hatukuwahi kuiona hata kwenye picha. Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Mizigo tuliyoruhusiwa kuchukua ilikuwa kidogo, na katika kidogo hicho baba alitia gongo lake la hoki. Alikuwa mchezaji yule, mchezaji khasa, na gongo lenyewe lilikuwa la mti mgumu wa kutoka Bara Hindi, mkononi limezungushwa kitambaa cheusi kilichoota mng'aro kwa jasho lake. Mama hakumsamehe. Akija mgeni tu, kahawa haijamiminwa, atasema: "Wenzake wamebeba masufuria, mume wangu mimi kabeba kuni."

Baba alipiga msumari ukutani Ibra, akalitundika. Hakucheza tena. Kila Ijumaa, baada ya sala, kazi ya kulipaka mafuta ya nazi ilikuwa yangu, na hiyo ndiyo ruhusa pekee niliyokuwa nayo ya kuligusa. "Ukikua litakuwa lako," aliniambia. Mimi nikawa nakula mara mbili ya ndugu zangu, nikue upesi.

Duka la baba lilitazamana na sakafu ya samaki, jukwaa la saruji iliyopigwa ikalainika kama sahani. Wateja hakuwa nao. Watu wa Ibra walikuwa na mafundi wao, na huyu mgeni Kiarabu chake kilikuwa cha msikitini, alikuwa akiomba sindano kwa maneno ya khutba. Walikuwa wakimwitikia salamu, kisha wakapita. Siku nzima alikaa nyuma ya cherehani akitazama nje, na alichokuwa akikitazama ni sisi tukigombana na akina Saif.

Kila Alkhamisi lori lilikuja kutoka Sur, mji wa pwani, na samaki waliolazwa kwenye barafu, juu wamefunikwa magunia na makuti. Wakishauzwa, mabonge ya barafu yaliyobaki yanamwagwa pale jukwaani. Kwa watoto wa mji ule, ambao baridi ya maji waliijua ya mtungi tu, hiyo ilikuwa sikukuu. Mpira wa hoki tulikuwa nao mmoja, ukaingia kwenye falaji, ule mfereji wa maji ya mashamba, ukaenda zake na maji chini ya ardhi. Basi Saif akapiga teke bonge la barafu, likateleza kutoka mwanzo wa jukwaa hadi mwisho, na tokea siku hiyo hatukutafuta mpira mwengine. Magongo tulikata ya mtende: kuti, pale linaposhikana na mti, huwa pana na limepinda, kana kwamba Mungu aliliumba kwa mchezo ule. Magoli yalikuwa makasha ya samaki yaliyolazwa ubavu. Kanuni ilikuwa moja tu. Mchezo unakwisha barafu ikisha.

Lakini nikisema "tulikuwa tukicheza" naongopa kidogo. Wakicheza wao. Saif alikuwa mtoto wa Mzee Nasir muuza samaki, jukwaa aliliona kama sebule ya kwao. Sisi tukikanyaga tu, anapaza sauti: "Zinjibari! Nendeni bondeni mkacheze na mbuzi!" Na sisi tulikuwa wa kimataifa kweli, si mchezo. Mimi wa Unguja, Khamis wa Pemba, mmoja kazaliwa Burundi na mwengine Mombasa, na sote pamoja tulikuwa na maneno ya Kiarabu yasiyojaza kiganja. Tukitukanwa tulikuwa tunajibu kwa Kiswahili, matusi mazuri yakipotea bure.

Alkhamisi moja baba akatoka dukani na gongo mkononi. Akapanda jukwaani, akasema kwa Kiarabu chake cha khutba kwamba wiki ijayo patachezwa mashindano, timu yao na timu yetu, yeye atakuwa refa, na atakayeshinda atachukua hili. Akalinyanyua juu. Wale watoto wakacheka maneno yake, lakini macho yao hayakubanduka kwenye gongo.

Lile lilikuwa gongo langu! Nilipofika nyumbani nilimwambia mama, nikitarajia atanisaidia. Akasema, "Afadhali. Msumari tutatundikia ungo."

Wiki ile sikulala vizuri wala sikula vizuri, na aliyenijua anajua maana yake. Sikutaka ushindi wa heshima, sikutaka jukwaa. Nilitaka gongo libaki ukutani mpaka nikue.

Siku ikafika. Bonge lililoteuliwa lilikuwa kubwa kama mkate wa boflo. Baba alikaa juu ya kasha, miwani puani, filimbi ya kukopa mdomoni. Niwaambieni, hoki ya barafu ya Maskati ina helmeti na mapedi, hoki yetu ilikuwa na magamba ya samaki baina ya vidole vya miguu. Tukaanguka, tukainuka. Khamis alifunga goli kwa goti, wakabisha, baba akalikubali. Saif akafunga mawili mfululizo, na la pili lilipita baina ya miguu yangu, jambo ambalo mpaka leo akiwa na wageni hulisimulia kabla ya kula.

Tukawa nyuma kwa goli moja, na barafu imeshakuwa kama ndimu. Jua la dhuha lilikuwa linainywa mbele ya macho yetu. Hapo ndipo nikakumbuka Unguja. Nikamkumbuka muuza aiskrimu wa Darajani, ndoo yake ya mbao iliyojaa barafu, na mkono ukiitupia barafu chumvi ya mawe. Nani hajui, basi! Chumvi ndiyo inayohifadhi baridi. Na pale ukingoni mwa jukwaa palikuwa na gunia la chumvi ya Mzee Nasir ya kukaushia papa.

"Simamisheni!" nilipiga kelele. "Itiwe chumvi, isiyeyuke!"

"Chumvi?" Saif akauliza.

"Kwetu Unguja ndivyo wanavyofanya. Nyinyi barafu mmeijua juzi."

Saif naye alitaka mchezo uendelee, anifunge tena. Wakakubali wote. Nikaja na konzi mbili, nikaipaka ile barafu kama mama anavyopaka samaki, pande zote. Baba alinitazama. Akaitazama chumvi. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, taratibu, kama mtu aliye na siku nzima ya kufanya hivyo. Akairudisha puani.

"Chezeni," akasema.

Khamis alinipa pasi. Mbele yangu kulikuwa na kasha tupu, kipa wao alikuwa ameteleza anatafuta meno yake. Nikapiga kwa nguvu zangu zote na za kile chakula chote nilichokula ili nikue. Ile barafu ikaondoka, nikaiona kama ndimu, kisha kama tembe ya halua, kisha kama jicho la dagaa, na mstarini, wallahi, kikafika kijito. Kilichoingia kwenye kasha kilikuwa maji.

"Goli!" tulipiga kelele sisi. "Maji!" walipiga kelele wao. Kisha wote tukamgeukia baba.

Alishuka kwenye kasha lake. Akachutama mstarini, akachovya kidole, akaonja. Watu wazima walikuwa wameshaacha biashara zao, wamesimama wanasubiri.

"Maji," alisema kwa Kiswahili, akinitazama mimi. "Maji hayafungi goli." Halafu akawageukia wengine akalisema kwa Kiarabu, na mara hii hakucheka mtu.

Akalichukua gongo akampa Saif kwa mikono miwili. Saif, na ujuvi wake wote, akalishika kama ufagio. Baba akasimama nyuma yake, akamshika vidole kimoja kimoja, akamuonesha pa kuweka mkono wa kushoto na pa kuweka wa kulia. Hilo ndilo lililoniuma. Mimi vidole vyangu hakuwahi kuviweka. Nilikimbia nyumbani nikajifungia chooni nikalia mpaka mama akabisha hodi kwa haja zake.

Jioni, mtoto mdogo wa Mzee Nasir akaja na nusu ya nguru kwenye kuti. Hakusema zaidi ya salamu za baba yake. Mama akalipima lile pande kwa macho, akanong'ona, "Kuni zimeleta samaki." Kesho yake Mzee Nasir mwenyewe akaja dukani na jora la kitambaa cha kanzu za Idi, akakaa, akanywa kahawa, akazungumza. Alkhamisi iliyofuata baba alikuwa jukwaani akifundisha watoto wote, wao na sisi tumechanganywa, na Saif alinipigia kelele: "We wa chumvi! Njoo upande wangu!" Jina hilo nililibeba miaka. Ndilo lililonipatia kazi ya kwanza, utingo kwenye lori la baba yake, na lori la baba yake ndilo lililonifundisha barafu.

Na barafu ndiyo iliyonifundisha mengine. Nilikuwa kijana, nimeanza biashara yangu mwenyewe, nikatoka Sur na mabonge ya barafu na magunia ya chumvi katika lori moja. Gunia lilipasuka njiani. Nilipofungua nyuma hapa Ibra, yakamwagika maji mpaka miguuni. Chumvi haihifadhi barafu, ndugu zangu. Chumvi inaila. Katika ndoo ya aiskrimu baridi huwa kali kwa sababu barafu inayeyuka, na muuzaji anaongeza nyengine kila saa. Nilisimama pale nimelowa, hasara mbele yangu, na nilichokiona ni miwani ya baba ikifutwa taratibu kwa ncha ya kanzu.

Nikaenda dukani kwake vile vile na viatu vinabubujika. "Baba, siku ile ya chumvi, ulijua?"

Alikuwa anatunga uzi. Hakuinua kichwa. "Yule muuza aiskrimu wa Darajani," alisema, "unadhani nani aliyekuwa akimtilia chumvi kabla hajapata ufundi wa cherehani?"

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe uliwahi kuambiwa kitu ukasikia?"

Sikupata zaidi ya hapo, na hakuishi kunipa zaidi. Lakini umri umenipa. Mtu aliyetundika gongo na hachezi, huyo mizigo yake bado iko mlangoni. Kila alipoinua macho kutoka kwenye cherehani aliuona uwanja wa Unguja ukutani, na maadamu uko pale, Ibra palikuwa mahali pa kungojea tu. Alitaka liondoke mikononi mwake kwa haki, si kwa sadaka, maana watu wa hapa sadaka wangeipokea na kumdharau. Mimi, kwa kiburi changu, nikamletea haki hiyo kwa konzi mbili za chumvi. Ule msumari mama hakuutundikia ungo. Baba aliuwahi, akatundika kilemba chake cha Kiomani, na hapo ndipo kilipokuwa kikikaa mpaka siku aliyofariki.

Shamsa na wenzake walifungwa vibaya. Alitoka anacheka, jasho tele, amekumbatiana na mmoja wa wale wenye mashavu ya tungule, lugha hawajuani. Saif akanigusa bega.

"Gongo lako nimekuja nalo," akasema. "Liko garini. Safari hii mpe mtoto, mimi na wewe hatuna muda."

Kila Idi huniambia nilichukue, lakini kabla ya siku hiyo hakuwahi kulitoa nyumbani kwake. Nilikwenda garini nikalitazama. Kile kitambaa cheusi watoto wake wamekibadilisha sijui mara ngapi, lakini mti ni ule ule, na Saif, Mungu amjaalie, hulipaka mafuta ya nazi. Nilifunga mlango wa gari.

"Lirudishe Ibra," nilimwambia. "Baba alishalisafirisha mara moja. Limeshafika."