Kuku Mwenye Utepe wa Buluu

Nikisikia harufu ya mahindi ya njano yakikaangwa, lile neno hunijia mdomoni, nami hulimeza.

Utotoni mwetu Ngara, kambi ya wakimbizi ilipojaa watu ng'ambo ya bonde, mahindi yao ya mgao, ya njano, yalifika sokoni kwetu, tukayaita mkimbizi. Haikuchukua muda neno likaenea. Turubai la buluu likawa mkimbizi, mtoto aliyechelewa shule mkimbizi, hata mpira uliopotelea migombani.

Msichana mmoja wa kambini alizoea kuja kumwomba mama kuni. Asubuhi moja alileta kuku mwekundu, akaomba tumtunzie, maana kambini walikuwa wameambiwa wajiandae kuondoka. Mama alimfunga kuku utepe wa turubai mguuni. Kwetu kuku wa amana huwekwa alama, na hachinjwi mpaka mwenyewe arudi.

“Na huyu naye mkimbizi,” kaka yangu akasema, tukacheka.

Msichana hakucheka. Alimpapasa yule kuku mgongoni. “Huyu ana kwao,” akasema kwa lugha yake, ambayo sote tuliielewa kwa kuwa inakaribiana na yetu.

Walipoondoka, kambi ilibaki majivu na mashimo ya vyoo. Kuku akataga, akaatamia, na vifaranga wake mama akawafunga vivyo hivyo.

Mama ni mzee sasa. Uani kwake bado kuna kuku wenye utepe wa buluu mguuni, na hakuna anayethubutu kuwachinja. Mgeni akiuliza ni wa nani, mama hujibu, “Wana kwao.”