Bingwa Aliyefungwa Siku ya Mwaka Mpya

Kaka yangu Hoyt Tidmore alitawazwa bingwa wa taifa akiwa amekaa kwenye kiti cha kinyozi, povu la sabuni shavuni. Redio ilitangaza kwamba waandishi wa habari za michezo nchi nzima wamepiga kura yao ya mwisho, na Chuo cha Braddock cha hapa mjini, alikochezea yeye, kimeshika nafasi ya kwanza. Kinyozi alitupa wembe akamkumbatia. Hoyt akaja nyumbani mbio, amenyolewa upande mmoja tu. Mama alipomwona akasema, "Nusu bingwa, nusu mzururaji." Tulicheka mpaka Baba akatuambia tunyamaze tumshukuru Mungu.

Nimeanza na siku hiyo kwa sababu ndiyo ya mwisho ninayomkumbuka kaka yangu akiwa na furaha isiyo na doa. Tumemzika Februari hii, akiwa mzee wa miaka themanini na moja, na katikati ya siku hizo mbili kuna maisha mazima ya mtu mwema aliyebeba jina asilolitaka.

Vijana wa leo hawaelewi ilivyokuwa. Zamani zile mpira wa vyuo, huu wetu wa kukumbatiwa kifuani na kukimbia nao, haukuwa na fainali. Vyuo vilikuwa vingi, na vingine havikukutana hata mara moja. Basi watu wenye kalamu ndio walioamua. Kila wiki walipiga kura, na kura ya mwisho ilipigwa mwanzoni mwa Desemba. Mechi za Siku ya Mwaka Mpya zilikuja baadaye, nazo zilihesabiwa kama zawadi tu: vijana wapelekwe penye jua, wapewe machungwa, wacheze mbele ya watu wa mbali. Matokeo yake hayakubadilisha kura ya mtu.

Braddock hawakuwa wamefungwa msimu mzima. Siku ya Mwaka Mpya walicheza na Chuo cha Marlow kutoka Teksasi, timu iliyokwisha kufungwa mara mbili. Sisi tulikaa jikoni hapa Pinckley, Alabama, tukisikiliza redio, Mama akibangua karanga. Dakika za mwisho Braddock walikuwa nyuma kidogo tu, na Hoyt akapewa mpira karibu kabisa na mstari wa goli. Mtangazaji akapaza sauti, "Tidmore! Tidmore!" Halafu akanyamaza. Aliporudi alisema, "Mpira umemtoka. Marlow wameudaka."

Mama aliendelea kubangua. Nilipotazama bakuli lake niliona anaweka maganda na kutupa karanga.

Siku timu iliporudi, bendi ya mji ilikuwa stesheni, na kitambaa kirefu kimeandikwa "Karibuni Mabingwa wa Taifa". Meya alihutubia, akaitaja Braddock, akamtaja Mungu, akazitaja karanga za Pinckley. Teksasi hakuitaja. Tulipoingia kwenye gari Hoyt akauliza polepole, "Baba, kwani hawakusikia redio?"

"Walisikia," Baba akajibu. "Nyamaza, wapungie mkono."

Akawapungia. Nadhani ndipo jambo hili lilipomwingia, kama mwiba unaoingia bila damu kutoka.

Kwenye majira ya kuchipua walipewa pete zenye jiwe jekundu, zimezungushiwa maneno "Mabingwa wa Taifa". Hoyt alimwoa Imogene mwezi wa sita, akaacha chuo, akapata kazi ya ufundi kwenye karakana ya mabasi ya shule ya wilaya, na huko hakutoka mpaka alipostaafu. Pete hakuivaa. Alisema chuma kikinaswa kwenye injini kitaondoka na kidole. Imogene hakubishana naye. Aliiweka kwenye sahani ya kioo juu ya kabati, na kila Jumamosi aliisugua kwa kitambaa laini mpaka ikang'aa.

Lakini jina halivuliwi kama pete. Mji mzima ulimwita Bingwa. Watoto waliopanda mabasi yake walimwita Bwana Bingwa, wakidhani ndilo jina la ukoo wetu. Kwenye mkahawa wa Maudie, ambako wanaume walikutana asubuhi kula uji wa mahindi na mayai, hakuna aliyemsalimu kwa jina lake.

"Bingwa, kaa hapa," angesema Dewey Grimsley, rafiki yake tangu utotoni, mtu asiyejua kufunga mdomo. "Maudie, mletee Bingwa kahawa. Umshikishe kikombe vizuri, unajua mikono yake."

Wangecheka wote, na Hoyt angecheka nao. Sikuwahi kumwona amekasirika. Ila nilimwona mara nyingi akiacha kahawa ipoe.

Mambo ya kura yaliendelea kubadilika, na kila yalipobadilika mkahawa uligeuka mahakama. Kwanza waandishi wakaamua kupiga kura baada ya mechi za Mwaka Mpya. Hoyt aliposikia habari hiyo aliweka gazeti chini akatoka nje. Ikawa miaka mingine waandishi wanachagua chuo hiki, makocha wanachagua kile, nchi moja ina mabingwa wawili. Baadaye wakaleta kompyuta.

"Sasa mashine isiyojua hata harufu ya nyasi ndiyo itatuambia nani bora!" Dewey alifoka.

"Afadhali mashine," Hoyt akasema. "Mashine haikupokei stesheni na bendi."

Kanisani alifundisha shule ya Jumapili ya wavulana kwa miaka mingi. Aliwafundisha yote, Nuhu, Daudi, Zakayo juu ya mti. Somo moja tu alikuwa akiniachia mimi, na hakuniambia sababu: lile la kutoshuhudia uongo. Lilipofika zamu yake ghafla alikuwa na basi la kutengeneza.

Mwaka huu, Januari, kwa mara ya kwanza katika historia ya mpira huu, timu nne zilichaguliwa na kamati, zikatoana jasho uwanjani mpaka ikabaki moja. Hoyt alikuwa amekwisha kudhoofika, mrija wa hewa puani, amekaa kwenye kiti chake kikubwa. Nilikwenda kuangalia naye fainali. Imogene alikuwa jikoni akipasha mchuzi. Kipenga cha mwisho kilipopulizwa, vijana wa upande mmoja wakaruka, wa upande mwingine wakalala kwenye nyasi wakilia. Kaka yangu aliwatazama hao waliolala.

"Waone hao, Verna," akaniambia. "Wamefungwa, na kila mtu anajua wamefungwa. Kesho watalia na mama zao. Keshokutwa wataanza kupona."

Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kama vya mtoto.

"Usiwaache wanizike na ile pete. Imogene atataka. Pete ile inasema uongo, Verna, nami sitaki kusimama mbele za Bwana nikiwa nimeuvaa. Mtafute Weldon Stasney, yule wa Marlow aliyenigonga mpira ukatoka. Mpe yeye. Wao ndio walioshinda."

"Umwambie Imogene mwenyewe, kaka."

"Nimejaribu. Kila nikianza, nakuta anaisugua."

Nikamwahidi. Wiki tatu baadaye Bwana akamchukua, asubuhi, Imogene akimlisha uji.

Nilipofika kwenye nyumba ya maziko kumwona kabla ya ibada, alikuwa amevikwa suti yake ya kijivu, mikono imepangwa kifuani, na jiwe jekundu linawaka kwenye kidole. Imogene alikuwa amesimama kando ya jeneza, amemwekea mkono begani kana kwamba anamsubiri aamke.

"Wifi," nikasema, "Hoyt aliniomba asizikwe na hiyo pete."

"Alikuomba wewe."

"Mimi."

"Nimelala naye kitanda kimoja zaidi ya miaka sitini, Verna. Nimemfulia nguo zenye grisi. Nimemlisha kwa kijiko. Halafu jambo kama hilo akamwambia dada yake?"

"Labda aliogopa kukuumiza."

"Basi wewe umekuja kuniumiza kwa niaba yake." Macho yake yalikuwa makavu. "Mnadhani nilikuwa nasugua kura za waandishi? Mimi nilikuwepo uwanjani siku ile. Nilimwona akikaa chini peke yake, kofia yake ya mchezo mapajani, na hakuna aliyemwendea. Nilijiambia, huyu nitamchukua. Alikuwa na miaka ishirini. Pete ile ndiyo kitu pekee nilichobaki nacho cha kijana yule."

Neno langu lilikuwa kweli na la kwake lilikuwa kweli, na jeneza lilikuwa moja.

"Kama ni ahadi, itoe," akasema, akageukia dirisha. "Mkono wangu mimi hautaitoa."

Niliitoa. Ilitoka bila kushikwa popote, kwa jinsi alivyokonda. Nikaitia kwenye mkoba, kati ya leso na pipi za koo, nikaenda kukaa kanisani. Mchungaji alihubiri vizuri. Alisema sasa Bingwa wetu amepokea taji lisilopigiwa kura. Watu wakaitikia amina. Imogene hakuitikia, nami sikuitikia. Baada ya maziko wanawake walileta kuku wa kukaanga na mabakuli ya viazi vya jibini, na wifi yangu akagawa chai baridi kwa kila mtu ukumbini. Mimi alinipita.

Namba ya Weldon Stasney niliipata kupitia ofisi ya wahitimu wa Marlow. Sauti yake ilikuwa ya mzee lakini imechangamka.

"Hoyt Tidmore," alirudia. "Alivaa namba ngapi?"

"Thelathini na mbili. Ndiye uliyemgonga mpira ukamtoka, mwishoni kabisa."

"Mimi nilimgonga? Dada yangu, nisikudanganye. Ninachokumbuka ni machungwa. Kila mmoja wetu alipewa kikapu kizima. Nilikula mpaka nikaumwa tumbo kwenye treni, nikalala na kichwa mapajani kwa kocha. Watu huniambia niligonga mtu siku ile. Mimi huitikia tu."

Miaka yote ile Hoyt alimbeba mtu huyu moyoni, na mtu huyu alibeba machungwa. Nikajizuia. Nikamweleza habari ya pete na ombi la marehemu.

"Hapana, mama," akasema haraka. "Usinitumie."

"Lakini mliwafunga. Ni haki yenu."

"Tuliwafunga, ndiyo! Kila mjukuu wangu anajua. Nikikaa mezani siku ya sikukuu wananiambia, babu, tuambie ulivyowafunga mabingwa wa taifa. Sasa ukiniletea pete hiyo, ukaniambia hawakuwa mabingwa, sisi tulimfunga nani?"

"Si ninyi ndio mtakuwa mabingwa?"

"Sisi?" Alicheka mpaka akakohoa. "Sisi tulikwisha kufungwa mara mbili msimu ule, moja nyumbani kwetu, na chuo ambacho hata jina sipendi kulitaja."

"Basi bingwa alikuwa nani, Bwana Stasney?"

"Ukimpata, mpe pete."

Kisha akauliza, sauti imeshuka, "Lilimsumbua kweli?"

"Maisha yake yote."

"Ah. Ningejua ningempigia. Ningemwambia tu kwamba hata sikumbuki."

Nimeomba sana juu ya maneno hayo. Kuna siku naona yangemponya Hoyt. Kuna siku naona yangemuua mapema.

Pete iko kwangu, kwenye kabati la vikombe. Watu wa Braddock wamepiga simu. Wanataka kuiweka kwenye sanduku la kioo, na mwaka ule wa ubingwa, ulioandikwa ukutani mwa uwanja, upakwe rangi upya. Niliwaambia Hoyt mwenyewe hakuitaka. Kijana aliyepiga akadhani nataka fedha. Nikamtakia baraka za Bwana nikaweka simu.

Imogene bado anakaa upande wa pili wa kanisa. Tunaimba nyimbo zilezile, mstari kwa mstari, bila kutazamana.

Juzi mchonga mawe, Purvis Ganey, alisimamisha gari lake mbele ya nyumba yangu. Alikuwa na kofia mkononi.

"Mama Verna, nimekuja kwa jiwe la Bingwa," akasema. "Jina tayari, tarehe tayari. Bibi Imogene ameagiza mstari mmoja zaidi chini."

Nilikuwa na hakika najua mstari gani. Niliitoa pete, naye Imogene angeichongesha kwenye jiwe pasipo mtu kuweza kuitoa.

"Ameandika nini?"

"Hilo ndilo tatizo. Hajaandika kitu. Amesema, muulize Verna. Amesema wewe ndiye uliyeambiwa."

Niliketi pale barazani. Purvis akabaki amesimama kwa adabu. Nikafikiria "Bingwa wa Taifa", na mkono wa kaka yangu mwepesi juu ya wangu. Nikafikiria mzee wa Teksasi mezani na wajukuu wake. Nikafikiria msichana aliyemwona kijana amekaa peke yake uwanjani akasema, huyu nitamchukua. Kila neno nililolishika lilimdhulumu mmoja wao.

"Utaweza kungoja, Purvis?"

"Jiwe halina haraka, mama."

"Basi acha nafasi."

Alipoondoka nilichukua pete, nikafunga shali kichwani, nikaanza kutembea kwenda kwa Imogene. Sijui kama atanifungulia. Lakini ule mstari hauwezi kuandikwa na mtu mmoja, na kaka yangu ameshaamuliwa mambo ya kutosha na watu ambao hawakuzungumza naye.