Ziara ya Dunia, Kasokola Hadi Majimoto

Siku mpiga kinanda wetu alipokuja dukani kwangu na simu mkononi, anisomee habari za bendi moja ya ng'ambo iliyorekodi albamu nzima ikiwa ziarani kuzunguka dunia, nilikuwa napachika zipu kwenye suruali ya mteja asiyejua kusubiri. Wimbo mmoja waliurekodi hotelini, mwingine nyuma ya jukwaa, mwingine nchi nyingine kabisa. Nilimwambia wale wana ndege, sisi tuna kirikuu, kigari cha mizigo.

"Dada, na kirikuu nacho kinakwenda," akasema.

Tulikuwa bendi ya watu wanne. Mimi ndiye muimbaji, na siku za kazi ni fundi cherehani hapa hapa mjini Mpanda. Mpiga kinanda alitoka familia ya wakulima waliokuja kutoka Burundi zamani. Alijifunzia muziki kanisani, alikuwa na laptopu na maiki moja nzuri, na sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Mpiga gitaa ni Msukuma. Baba yake alikubali kwa shingo upande kuuza dume moja ili gitaa linunuliwe, na mpaka leo mzee yule akipiga simu huuliza, "Yule ng'ombe hajambo?" Wa nne ni mpiga ngoma, mwenye kirikuu, dereva wetu, mtu anayeweza kulala popote penye kivuli.

Sababu ya kurekodi barabarani ilikuwa shingo yangu. Nilikuwa na uvimbe wa tezi niliouficha kwa mitandio mwaka mzima, mpaka ulipoanza kunikaba nikilala. Daktari alisema lazima utolewe, hospitali ya rufaa, baada ya wiki nne. Halafu akaniuliza kazi yangu. Nilipomwambia naimba, akavua miwani. Alisema mishipa ya sauti imepita jirani sana na pale, watajitahidi, ila sauti inaweza kushuka, na inaweza isirudi kama ilivyokuwa.

Niliogopa. Kisu hakikunitisha, nimejifungua watoto wawili, najua maumivu. Niliogopa kuamka na sauti ya mtu mwingine. Sauti yangu ilikuwa nyembamba na ilipanda juu bila kuombwa, na nilijivunia hilo kupita kiasi, nakiri. Katika wiki zile nne tulikuwa tumeshaahidi harusi tatu, na mtu huwezi kumwambia bibi harusi asubiri. Kwa hiyo ikawa hivyo: tucheze harusi, na palepale tunapofikia turekodi, nyimbo sita, kabla sijapanda basi la hospitali. Mpiga gitaa akaibatiza ziara ya dunia. Dunia yetu ilianzia Kasokola.

Mama yangu, ninayeishi naye, alisikia mipango yote hii akiwa jikoni. Mama ni Mpimbwe, mzaliwa wa upande wa Majimoto, na katika maisha yangu yote hajawahi kuusifu uimbaji wangu. Nilipokuwa mdogo nikimaliza kuimba alikuwa anauliza, "Umemaliza kelele?" Safari hii alisema tu, "Haya, kapigeni kelele zenu mapema, kisha ukatibiwe."

Kasokola tulirekodia ndani ya kirikuu, kwa sababu nyumba zote zilijaa wageni na magunia ya mahindi. Tulifunga vioo, mpiga kinanda laptopu mapajani, mimi maiki mdomoni, jua la saa nne juu ya bati. Nyimbo mbili nzima. Ukisikiliza vizuri ule wa pili utasikia kiti kinalia, maana mpiga ngoma alikuwa anapiga mguu nyuma ya usukani na hatukuwa na roho ya kumkataza.

Kakese tulipewa chumba cha shangazi wa bibi harusi, tukaegesha magodoro ukutani. Tatizo lilikuwa jogoo. Kila nikipanda juu, naye anapanda. Mpiga gitaa akatoka kwenda kumnunua, akarudi na habari kwamba jogoo hauzwi, ni wa kupikiwa wakwe mchana. Tukakaa tukamsubiri jikoni amalize kazi yake. Wimbo wa tatu una jogoo. Wa nne hauna, wala wa tano, na wakwe walikuwa wakarimu, nasi tulionja.

Ukabaki mmoja, wimbo wangu mwenyewe, nilioutunga kumhusu mama. Unaeleza jinsi alivyohama Majimoto nikiwa na miaka mitano, sisi wawili juu ya lori, tumekaa kwenye magunia ya mpunga, yeye kanishika kwa mkono mmoja na sufuria kwa mwingine. Harusi ya tatu ikawa Majimoto kwenyewe. Nikaona hii imepangwa.

Baba wa bwana harusi alikuwa na ghala la mpunga. Mpiga kinanda aliingia, akapiga makofi mara moja, akasikiliza. Sauti haikurudi. Magunia yalipangwa mpaka karibu na paa, pande zote nne, na mpunga ulikuwa unanyonya sauti kama ardhi kavu inavyokunywa maji. Alitabasamu mpaka nikaona jino lake la pembeni ambalo sikuwahi kuliona.

"Dada, wazungu hawana hii," akasema.

Tuliomba ghala kwa asubuhi ile. Mzee akakubali, akaahidi kwamba atawaambia watu wote wa nyumba wasipige kelele, kuna kazi ya kurekodi. Na kweli aliwaambia wote, hata wabebaji wake.

Tulianza. Gitaa na sauti kwa pamoja, mpiga kinanda amekaa ameinama, macho kwenye laptopu. Nilivaa hedifoni nikafumba macho, maana wimbo ule siwezi kuuimba nikiangalia watu, na ni mrefu, gitaa huzunguka sana kati ya ubeti na ubeti. Ubeti wa kwanza ulitoka vizuri. Wa pili nikaanza kusikia jambo: sauti yangu inakua. Inanijaa masikioni, inakwenda mbali na kurudi, nene, tamu, kama ya mtu aliyeimba miaka hamsini. Nikajisemea moyoni, kumbe mimi ni muimbaji hivi! Wa tatu nikaachia yote niliyokuwa nayo. Nilipofungua macho nijiandae kwa ubeti wa mwisho, ghala lilikuwa tupu.

Lori la mnunuzi lilikuwa limefika. Wabebaji, watu waungwana, walikuwa wameambiwa wasipige kelele. Walivua ndala mlangoni, wakaingia kwa ncha za vidole, wakatoa gunia moja moja bila hata kukohoa, mpaka kuta zikabaki wazi na ile sauti tamu niliyojisifia ikawa ni mwangwi wa ghala. Wanaume sita walikuwa wamesimama mlangoni na jasho lao, wakisikiliza. Mmoja aliniinulia kidole gumba.

Ubeti wa mwisho sikuuimba. Mpiga gitaa, macho yamefungwa, akaendelea kupiga peke yake mpaka mwisho wa wimbo. Alipomaliza nikamuuliza kama hakuwaona.

"Niliwaona mwanzoni," akasema. "Mmoja alinisalimia kwa kichwa, nikaitika. Nikajua mnajua."

"Na wewe?" nikamgeukia mpiga kinanda.

"Nilidhani ni maiki, dada. Nilikuwa nahangaika kuirekebisha. Pole. Tutafute chumba kingine, tuanze upya, muda tunao."

Hapo ndipo nilipoharibu. Tungeweza kabisa kuanza upya. Ilikuwa bado asubuhi, harusi ilikuwa jioni. Lakini nilikuwa na hofu ya wiki nzima kifuani, na aibu ya kujisifia mwangwi, na hasira yangu haijawahi kuhitaji kuni nyingi. Nilivua hedifoni nikazitupa juu ya laptopu. Nilimwambia mtu anayeshindwa kuona magunia mia yakipita mgongoni kwake hafai kurekodi hata mbuzi. Nikasema siimbi tena, albamu yenu itakuwa na nyimbo tano, mkitaka ya sita muimbe wenyewe. Nikaenda kukaa na akina mama wapishi, nikachambua mchele kwa ghadhabu mpaka mmoja akaniuliza kama huo mchele umenikosea nini.

Hakuna aliyekuja kunibembeleza, wananijua. Jioni nilipanda jukwaani nikaimba harusi nzima bila kumtazama mpiga kinanda. Kesho yake tukarudi Mpanda, na keshokutwa nikawa kwenye basi. Ndani ya basi, tulipokwisha pita mji, ubeti wa mwisho ukaanza kujiimba wenyewe kichwani. Ni ubeti mfupi, mistari minne, lori linafika na mama ananishusha. Ningeuimba kwa dakika moja. Nililia njiani, jirani yangu akadhani naenda msibani akanipa karanga.

Upasuaji ulikwenda salama, namshukuru Mungu na madaktari. Sauti ndiyo iliyochelewa. Wiki za kwanza nilikuwa na mnong'ono tu. Mama alinipikia uji, akanifunga vitenge shingoni, akazunguka nyumba akisema, "Leo nyumba imetulia." Lakini nilimwona mara mbili amesimama mlangoni kwangu usiku, haondoki, na nikajifanya nimelala.

Baada ya miezi kadhaa sauti ilirudi, na haikuwa ile. Ilikuwa ya chini, pana, na mchanga kidogo ndani yake. Nilijaribu kupanda juu kule nilikozoea nikakuta ngazi haipo. Basi nikaacha kuimba, hata nyumbani. Wenzangu wakiuliza mazoezi nawaambia nina nguo za wateja. Nilikuwa nazo, ila hazikuwa nyingi kiasi hicho.

Mpiga kinanda akaja tena dukani. Safari hii hakusoma chochote. Aliweka laptopu juu ya meza ya kukatia vitambaa, akanipa hedifoni, zile zile. Nikasikia kiti kinacholia, nikasikia jogoo, nikacheka mpaka uzi ukakatika sindanoni. Kisha ukaja wimbo wa sita. Alikuwa hajaufuta. Ubeti wa kwanza mkavu kabisa, kama naimba sikioni kwa mtu. Wa pili ukuta mmoja umefunguka. Wa tatu ghala zima linaitikia. Ungedhani tumepanga. Halafu gitaa peke yake, linatembea ubeti mzima bila mtu.

"Kwa nini hukuutafutia muimbaji?" nikamuuliza.

"Ningemweka nani? Hapo ni kwako, dada."

Nikamwambia sauti yenyewe sasa ndiyo hii anayoisikia. Akasema ameisikia. Nikamwambia pia anisamehe kwa yale ya mbuzi. Akasema mbuzi ni wagumu kurekodi, hawasimami.

Tulikwenda Majimoto wote wanne, masika yameshaanza, tope hadi kwenye ekseli, na mimi mgonjwa wa juzi nikasukuma kirikuu pamoja na wanaume. Ghala lilikuwa tupu bado, linasubiri msimu. Mpiga kinanda akapiga makofi, na sauti ikarudi yote. Nilisimama palepale nilipokuwa nimesimama. Sikufumba macho. Niliimba mistari ile minne kwa sauti niliyopewa, mara moja, na hakuna aliyeniambia nirudie.

Nyumbani nilimkuta mama barazani na ungo wa maharage. Nikampa simu, nikamwekea wimbo wa sita, nikakaa pembeni kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule. Alisikiliza huku mikono ikichambua. Ubeti wa kwanza ulipokwisha akasema hayakuwa magunia ya mpunga, yalikuwa ya karanga, na kama sikumbuki ningemuuliza. Wa tatu, nilipopanda juu kabisa, akakunja uso vilevile alivyoukunja miaka yote. Kisha ukaja wa mwisho, na mikono ikasimama.

Akasikiliza mpaka gitaa likaisha. Akaniambia nirudishe hapo mwisho. Nikarudisha. Akaniambia tena.

"Huyu mama wa mwisho mmemtoa wapi?"

"Ni wa hapa hapa Mpanda," nikasema.

"Amepita mambo, huyu. Wewe ulikuwa unapiga kelele tu, yeye anaimba." Akachukua ungo wake. "Msimwache aondoke."

Nilimwacha amalize maharage kwanza, ndipo nikamwambia.