Leo nimepigiwa daktari wa ng'ombe

Watu wangu, si ati ng'ombe ilikuwa mgonjwa. Mgonjwa ni mimi.

Niko Molo kwa mama mkwe, nimezaa juzi. Kliniki walinipea vidonge vya calcium na vitamini D.
Hakuna mtu aliniambia tumbo itafunga hivi!
Imejaa gesi, imefura, na choo nayo imegoma.

Mama mkwe akanipapasa ubavu. UBAVU, jameni.
"Hata Waridi akizaa hupewa calcium," akasema. Waridi ni ng'ombe yake.
Akapiga simu, akaweka spika.

"Daktari, amefura."
"Anacheua?"
Akanichungulia mdomo. "Anatafuna chingamu."
"Mama, huyu ni ng'ombe gani?"
"Ni bibi ya kijana yangu."
"Sasa... mpe maji mingi, umtembeze. Akikataa kupona, mrudisheni kliniki."

Akanitembeza kweli! Tukazunguka shamba ya viazi, mimi mbele, yeye nyuma na kafimbo. "Haya, mama, songa."

Kurudi kwa geti, tukapatana na wamama wa kanisa wamekuja kuona mtoto. Nikainama kuwasalimia.
Gesi ikatoka. Yote. Kuku zikatawanyika.

Mama mkwe akainua mikono juu: "Asante Yesu!"
Na wamama, wote kwa sauti moja: "Amina!"

Sasa niambieni, Jumapili nikae kiti ya nyuma ama nihame kanisa kabisa?
Jibuni haraka. Mama mkwe amesema kuna raundi ya jioni, na sahii amebeba kamba.